Ollie Bearman Alifika Aje Formula 1? Hii Ndio Ngazi, na Hii Ndio Bei Yake

Ijumaa ya Machi 8, 2024, pale Jeddah, Saudi Arabia, kuna chali wa miaka 18 anaitwa Oliver Bearman. Mabeshte wanamwita Ollie. Ako hapo kwa kazi yake ya kawaida, Formula 2, na mambo ni fiti: jana yake ameshinda kila mtu kwa kuweka muda, kwa hivyo mbio kuu ya wikendi ataanza mbele kabisa.

Halafu Ferrari wanamtafuta. Dere wao Carlos Sainz amesumbuliwa na kidole tumbo, anaenda kupasuliwa. Acha hiyo gari yako, kuja uingie kwa hii yetu.

Kumbuka huyu mtoi hajawahi kushindana Formula 1 hata siku moja. Amebakishiwa saa moja tu ya mazoezi. Na Jeddah sio mahali pa kujifunzia: ni barabara ya jiji, kilomita 6.174, kona 27, ukuta umekukaribia kila upande. Usiku huo akakosa kuingia kumi bora kwa sekunde 0.036. Hiyo hata haitoshi kupepesa jicho. Aliyemfungia mlango alikuwa Lewis Hamilton.

Mbio zenyewe zilikuwa Jumamosi, juu Ramadhani ilikuwa inakaribia kuanza. Saa mbili usiku, na Jeddah saa zao na zetu ni moja, tulikuwa tumejazana kwa keja ya beshte yangu, watu saba na simu moja imesimamishwa kwa kikombe. Bearman akaanza wa 11. Mizunguko 50 baadaye akamaliza wa 7. Nyuma yake Lando Norris. Nyuma ya Norris, Hamilton. Alipotoka kwa gari shingo ilikuwa imeisha.

Hapo kwa keja tuliamua ni bahati. Mtoi ameangukiwa, kesho arudi kwao. Mimi ndio nilisema kwa sauti ya juu zaidi. Baadaye nikaanza kusoma vile alifika hapo, na manze, story ni tofauti. Bahati ilikuwa kidole tumbo cha mtu mwingine. Hizo zingine zote zilikuwa zimelipiwa, kwa miaka na kwa doo.

Ngazi yenyewe iko aje

Unaanza na gokati, zile gari ndogo za kukaa chini kama umekalia karai. Hapo ni watoto, wengine wameanza na miaka sita, saba. Ukifika miaka 15 hivi unaingia Formula 4, gari ya kwanza ya ukweli, nguvu yake kama farasi 160. Kutoka hapo Formula 3, farasi 380. Halafu Formula 2, kama 620. Juu kabisa Formula 1, inacheza karibu 1,000.

Kitu watu wengi hawajui ni kwamba kule chini gari ni moja. F2 wote wanaendesha chesisi ya Dallara, injini ya Mecachrome, tairi za Pirelli. Hakuna timu ina gari spesho. Idea ni kwamba kama wote wana mchuma sawa, tofauti itakayoonekana ni dere. Kwa karatasi iko sawa. Kwa ukweli, timu kama Prema ya Italia ina mainjinia wazuri, ina miaka mob ya kujua gari inataka nini, na hapo ndio kila mtu anataka kuingia. Na ukitaka kuingia, unalipa.

Eeh, dere ndio analipa timu. Hapo ndio wengi hushtuka. Sisi tumezoea mchezaji analipwa. Kwa ngazi hii, mpaka ufike F1, mara mob wewe ndio unatoa. Msimu mmoja wa F3 huwa unatajwa kupita euro milioni 1. F2 inapita milioni 2, yaani karibu shilingi milioni 300 za Kenya, kwa mwaka mmoja, ukiwa bado haujashinda kitu. Ukigonga ukuta, bili inaongezeka.

Hizo doo zinatoka wapi? Kwa fathee, kwa sponsa (sio ile sponsa unafikiria), ama kwa kampuni ya F1 imekuona ukiwa mdogo ikaamua kukubeba. Fathee ya Norris alitajirika kwa biashara ya pensheni. Fathee ya Hamilton alikuwa anafanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja ndio mtoto aende gokati, mpaka McLaren wakamchukua mwaka wa 1998, akiwa na miaka 13. Hizo njia mbili zote zimefika juu, lakini hesabu ni wangapi unawajua wa ile ya pili.

Bearman ako upande wa waliobarikiwa, tusidanganyane. Amezaliwa Mei 8, 2005, akalelewa Chelmsford, Essex, na fathee yake ako kwa biashara ya bima, na ni bosi, sio mtu wa kukuuzia ya bodaboda. Pesa ya kuanza ilikuwa. Lakini kuna watoto wa masonko mob sana kwa hii mchezo na hatuwajui majina. Pesa inakununulia kiti, haiwezi kukukanyagia mafuta.

Mwaka ule aliwachapa nchi mbili

Mwaka wa 2020 akaingia F4 ya Ujerumani. Akamaliza wa 7. Hakuna mtu aliandika gazetini.

2021 akahamia timu ya Van Amersfoort na akafanya kitu hakuna mtu alikuwa amefanya: akashinda ubingwa wa F4 ya Italia na ubingwa wa F4 ya Ujerumani, mwaka mmoja. Hizo ni ligi mbili tofauti, ratiba mbili, viwanja tofauti, wikendi hii huku, wikendi ingine kule. Na F4 ya Italia ndio ile ngumu, juu kila akademi kubwa Ulaya inapeleka watoto wake hapo.

Mwaka ukiisha Ferrari wakamweka kwa akademi yao. Akaacha shule na miaka 16 na akahamia Modena, karibu na kiwanda. Mimi pia niliacha chuo, lakini sababu yangu ilikuwa fee, na hakuna mtu alikuwa ananingoja Italia. Jamaa aliacha shule akiwa na kandarasi mkononi. Ukimwonyesha mathee hii story, soma hiyo sentensi kwanza.

Akademi inafanya nini haswa? Inakupa mazoezi ya mwili, masaa mob kwa simyuleta, watu wa kukufunza kuongea na injinia, na wakati mwingine gari ya zamani ya F1 ujaribu. Lakini kubwa zaidi inakupa jina la mtu. Ukiwa na Ferrari nyuma yako, timu ikikuona inaona pia Ferrari. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Pointi saba

2022, F3, na Prema. Gari 30 kwa gridi. Kuna mbio mbili kila wikendi: mbio fupi na mbio kuu. Mbio fupi wanapindua mpangilio, yaani wale 12 wa kwanza kwa kuweka muda wanageuzwa, wa 12 anaanza mbele. Ni fujo tupu na inafanywa makusudi, ndio wale wenye kasi wajifunze kupita watu.

Wikendi ya kwanza, Bahrain, Bearman akavuka mstari wa kwanza kwa mbio fupi. Anasherehekea. Halafu wakamwongezea sekunde tano kwa kutoka nje ya mstari wa uwanja, na ushindi ukaenda kwa Isack Hadjar. Ushindi wake wa ukweli ukaja Spa, Ubelgiji.

Mwisho wa msimu hesabu ilikuwa hivi: Victor Martins 139, Zane Maloney 134, Bearman 132. Amemaliza wa tatu, pointi saba kutoka kwa ubingwa, na hapo katikati Maloney ameshinda mbio kuu tatu za mwisho, moja baada ya ingine. Ukiwa na miaka 17 hiyo ni kitu ya kukukosesha usingizi. Na bado, hiyo nafasi ya tatu ndio ilikuja kumwokoa. Ngoja.

2023, F2. Aprili, Baku, Azerbaijan. Hii wikendi mimi nimeirudia mara kadhaa. Bado ana miaka 17. Anaweka muda bora. Kwa F2 wanageuza kumi wa kwanza, kwa hivyo mbio fupi anaanza wa 10, katikati ya kuta za Baku. Anashinda. Kesho yake mbio kuu anaanza wa kwanza. Anashinda tena. Amebeba wikendi nzima, hajaachia mtu kitu.

Halafu akashinda Barcelona. Halafu akashinda Monza, nyumbani kwa Ferrari. Ushindi mara nne kwa msimu. Sasa nadhani unaona nimekuandalia ubingwa? Hapana. Alimaliza wa 6. Bingwa alikuwa Théo Pourchaire, ambaye mwaka mzima alishinda mbio moja tu.

Hapo ndio F2 inakufunza adabu. Ushindi wa mbio kuu ni pointi 25, lakini wikendi ziko mob, na ukikosa pointi wikendi tatu, nne, yule mtu anamaliza wa pili na wa tatu kila saa anakupita pole pole kama mvua ya kunyesha usiku kucha. Bearman mwaka huo alikuwa moto ama baridi. Pourchaire alikuwa kwa msimu wake wa tatu mzima, anajua kila kona. Kwa mtu anaangalia jedwali tu, wa 6 ni wa 6. Wasee wakasema huyu mtoi wa Ferrari ni wa kawaida.

Hesabu ya leseni

Sasa turudi kwa ile Ijumaa ya Jeddah. Ferrari hawawezi kuchukua mtu yeyote barabarani wakamweka kwa gari. FIA, wale wenye sheria, wanataka leseni kuu. Ili uipate wakati huo ilikuwa lazima uwe na miaka 18, uwe umeendesha gari ya F1 kilomita 300, na uwe na pointi 40 kutoka kwa ligi za chini, zilizokusanywa kwa misimu mitatu.

Hizi pointi sio zile za mbio. Zinategemea umemaliza nafasi gani mwisho wa msimu. Sheria ililetwa baada ya Max Verstappen kuingia F1 akiwa na miaka 17, watu wakaogopa kwamba mlango umefunguka sana.

Piga hesabu ya Bearman. Bingwa wa F4, 2021: pointi 12, na hapo nahesabu ligi moja tu kati ya zile mbili. Wa tatu F3, 2022: pointi 20. Wa sita F2, 2023: pointi 10. Jumla 42.

Mstari ni 40.

Ile F3 aliyolia kwa pointi saba, iko ndani. Ile F2 watu walimcheka, iko ndani. Kwa hii hesabu ndogo ya chini kabisa, amevuka na pointi mbili juu. Simu ya Ferrari ilikuja ghafla, lakini ilimkuta mtu ambaye karatasi zake ziko sawa. Wale wengine wote walikuwa Jeddah na talanta siku hiyo, kama hawakuwa na hizo karatasi na hawakuwa na Ferrari mgongoni, hata kidole tumbo cha dunia nzima hakingewasaidia.

Na alilipa. Kuingia Formula 1 kulimaanisha kuacha Formula 2 wikendi hiyo. Ile nafasi ya mbele aliyotafuta Alhamisi ikaenda kwa Kush Maini, na mbio kuu ikashindwa na Enzo Fittipaldi. Bearman kwa jedwali la F2 akaandikiwa sufuri. Mashabiki wa F1 wanakumbuka usiku wa maisha yake. Jedwali la F2 linakumbuka wikendi hakuwepo.

Mwaka huo mzima wa F2 ulikuwa msoto. Gari ilikuwa mpya kwa timu zote na Prema hawakuielewa haraka. Amemaliza wa 12. Wa 12! Miaka mitatu nyuma alikuwa bingwa wa nchi mbili.

Sasa hii ndio sehemu inaudhi watu

Julai 4, 2024, katikati ya huo msimu mbaya, Haas wakatangaza Bearman atakuwa dere wao wa F1 kuanzia 2025. Wa 12 amepata kiti.

Pourchaire, bingwa wa 2023? Hakupata. Akaenda Japani, halafu Marekani kwa IndyCar, na huko pia akanyang'anywa kiti katikati ya msimu. Felipe Drugovich, bingwa wa 2022? Akawa dere wa akiba wa Aston Martin, yule anayevaa shati ya timu na kungoja mtu augue. Hawa walifanya kitu ngazi inasema ufanye. Walifika juu ya F2. Wakakuta hakuna mlango. Na sheria inasema bingwa wa F2 harudi F2, kwa hivyo hata kuendelea kushindana hapo haukubaliwi.

Tofauti? Haas wanatumia injini ya Ferrari, na sehemu mob za gari zao zinatoka Ferrari. Bearman ni mtoto wa Ferrari. Alikuwa ameshafanya mazoezi na Haas Mexico City Oktoba 2023, kwa hivyo mainjinia wanamjua. Halafu wameona Jeddah. Kiti kilipobaki wazi, jina lake ndilo lilikuwa limeandikwa kwa penseli tayari. Angalia pia Kimi Antonelli, aliyekuwa naye Prema 2024: alimaliza wa 6 na akaenda moja kwa moja Mercedes, juu Mercedes ndio walikuwa wamemlea. Mwaka huo bingwa Gabriel Bortoleto pia aliingia F1, na Hadjar wa pili akaingia, kwa hivyo sisemi ubingwa ni takataka. Nasema nambari moja, mbili, sita na kumi na mbili waliingia mwaka mmoja, na wa tatu, wa nne na wa tano wakabaki. Ukiita hiyo ngazi, ni ngazi ambayo mtu anaweza kuvutwa kwa dirisha.

Binafsi sioni Bearman kama wa kulaumiwa. Alipewa nafasi akaonyesha. Septemba 2024 Kevin Magnussen wa Haas alifungiwa mbio moja kwa kujaza pointi za makosa kwa leseni, na Bearman akaitwa tena, Baku, ile ile Baku. Akamaliza wa 10, akapata pointi. Hakuna mtu kabla yake alikuwa amepata pointi na timu mbili tofauti kwa mbio zake mbili za kwanza za F1. Ninachokasirikia ni pale Pourchaire anaitwa alishindwa. Alishindwa na nini? Alimaliza mtihani akiwa nambari moja.

2025 mtoi akaanza kazi kamili, na haikuwa asali. Wikendi ya kwanza Australia aligonga ukuta kwa mazoezi. Nyumbani Silverstone akaingia piti kwa spidi wakati wa bendera nyekundu, akagonga, akarudishwa nyuma nafasi 10. Zile makosa za moto ama baridi za F2 bado zilikuwa ndani yake. Lakini Oktoba, Mexico City, pale pale alipojaribu gari ya F1 kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akamaliza wa 4. Haas hawajawahi kumaliza juu ya hapo tangu timu ianzishwe. Walikuwa wamefika hapo mara moja tu, na Romain Grosjean, Austria 2018.

Kitu moja ya mwisho kuhusu ile Jumamosi usiku, ambayo tulikuwa watu saba kwa ile keja na hakuna aliyeifikiria. Mwezi mmoja kabla ya Jeddah, Hamilton alikuwa ameshasaini kwenda Ferrari mwaka wa 2025. Kiti alichokuwa anachukua ni cha Sainz, kile kile Bearman alikuwa amekalia usiku huo. Kwa hivyo ile mizunguko ya mwisho, Hamilton akija nyuma na tairi mpya, alikuwa anafukuza kiti chake mwenyewe, na mtoi wa miaka 18 alikataa kukishikisha.